Beberu Mwenye Njaa Huhesabiwa Tasa

Familia ya askari ifugayo mbuzi wachache kando ya kambi kwa kawaida huwa na beberu mmoja tu. Miezi ikipita na mbuzi jike hawashiki mimba, dume huyo huhukumiwa kuwa tasa, akapelekwa kwa mchinjaji. Mara nyingine hukumu hiyo si ya haki. Beberu amefungwa kamba kiangazi kizima, akiguguna majani makavu, na mwili wake umekwisha kuamua kwamba huu si wakati wa kuzaa.

Habari za njaa na shibe hufikishwa ubongoni na homoni, yaani vichocheo visafirivyo katika damu. Mojawapo ni leptini, itokayo katika mafuta ya mwili, iliyotambuliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York. Mafuta yakipungua, nayo hupungua. Nyingine ni grelini, iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999 katika tumbo la panya. Hii huzidi tumbo liwapo tupu. Katika panya dume imeonekana kwamba grelini nyingi hufifisha amri itokayo ubongoni kwenda kwenye korodani.

Wapo panya waliozaliwa bila uwezo wa kutengeneza leptini. Hula bila kukoma, hunenepa kupita kiasi, na madume yao ni tasa. Unene wote huo hauwafai kitu, kwa kuwa ubongo usiopata habari ya leptini hudhani mwili una njaa! Mwaka 1997 watafiti wa Marekani walieleza kwamba madume hao walipodungwa leptini waliweza kuzalisha.

Kwa kondoo jambo hili huonekana kwa macho. Huko Australia Magharibi, madume wa Merino walioongezewa chakula chenye protini walikua korodani kwa majuma machache tu, na mbegu zao zikaongezeka.

Mbegu ya kondoo au mbuzi huchukua majuma saba hivi kutengenezwa. Kwa hiyo pumba na majani ya kunde yatolewayo siku ya kupandisha yamechelewa. Yafaa yaanze miezi miwili kabla. Wala dume asinenepeshwe mno, maana mafuta yakijaa juu ya korodani huzitia joto na kuharibu mbegu. Beberu akiisha kula vizuri kwa muda huo, na mbuzi jike wakikosa mimba bado, hapo ndipo daktari wa mifugo aitwe, kabla ya mchinjaji.