NENO LA KWANZA LISIPOTEE KATIKA RADIO



Kamio kubwa iko karibu na ukingo, inataka kumwaga mawe. Nyuma yake kuna mtu. Mwenzako anashika radio na kupiga kelele: « Usirudi nyuma! » Lakini ameanza kusema kabla kidole hakijabonya vizuri. Dereva ndani ya kabine anasikia: « ...rudi nyuma! » Naye anatii.

Angalia lugha yetu. Katika Kiswahili, alama ya kukataza iko mwanzoni mwa neno. Na mwanzo ndio unaoliwa na radio. Ukibonya kifungo, mashini inahitaji kitambo kidogo kabla ya kutuma sauti. Kama sauti inapitia kituo kilichowekwa mlimani ili kuisukuma mbali, kitambo hicho kinazidi. Basi, bonya, hesabu moja moyoni, ndipo useme. Wala usiachilie kifungo kabla ya neno la mwisho kwisha.

Wengine hudhani dawa ni kupaza sauti, ao kumwomba fundi aongeze nguvu ya mikro. Wanajidanganya. Radio za mkononi tunazotumia kazini zina kizuizi ndani: sauti ikipita kipimo, inakatwa. Kwenye njia ya kilohezi 25, kipimo hicho kwa kawaida ni kilohezi 5 kila upande. Kwenye njia nyembamba ya 12,5 ni kilohezi 2,5. Ukipiga kelele, maneno yako hayaendi mbali zaidi; yanapasuka tu. Umbali unatoka kwa nguvu ya mashini, antena, batri na mahali uliposimama.

Tena mikro iliyoongezwa nguvu haichagui. Inabeba sauti yako pamoja na ngurumo ya peli, upepo na king'ora. Mwenzako anapokea makelele, na jina lako limo ndani yake kama punje ndani ya mchanga.

Tujifunze kwa radioamatere, wale wanaozungumza kwa radio kwa kupenda tu, ambao katika nchi yetu alama zao huanza na 9Q. Wengi wao hurekebisha mikro wao wenyewe. Mtu anasema kwa sauti yake ya kila siku, anaangalia sindano inayopima, na anazungusha polepole mpaka sindano ibaki ndani ya alama hata kwa maneno yenye nguvu. Akipita hapo, sauti inaharibika na kumwagika kwenye njia za majirani. Lakini radio ya kazi si yake wala yako: rekebisho lake ni la fundi mwenye chombo cha kupimia.

Kazi yako wewe ni hii: weka mikro karibu na kinywa, sentimita tatu ao tano, kando kidogo ili pumzi isiipige. Geuzia upepo mgongo. Usifunike tundu lake kwa kidole. Vumbi likiliziba, lisafishe kwa burashi kavu na laini, si kwa sindano. Mwanzo wa zamu, jaribu radio na mwenzako kabla mashini hazijawaka, kisha tena zikiwa zinanguruma.

Nasi tunawaomba washefu wa ekipi jambo moja: maonyo ya radio yasianze kwa kukataza. Badala ya « Usirudi nyuma », tuseme: « Simama, simama, kamio namba saba, simama! » Kipande kikipotea, kinachobaki bado kinasema simama. Na dereva ajibu kwa kurudilia neno lenyewe, si kwa « ndiyo » peke yake. Asiposikia vizuri, asimame kwanza, ndipo aulize.

Mama na watoto wanaomngoja baba jioni hawajui habari ya kilohezi. Lakini maisha yake yanaweza kutegemea silabi mbili zilizofika ao zisizofika. Bonya, ngoja, sema.