808 haikukulazimisha kuhesabu hadi kumi na sita

Kila prodyuza ninayemjua hapa Nairobi ana foda imeandikwa "808". Ndani kuna kiki mia mbili, klapu, kengele, zingine zimepikwa hadi hujui zilitoka wapi. Mwitishe biti uone. Nusu saa nzima anachagua kiki. Kuzipanga sasa? Dakika mbili. Kiki hapa, klapu pale, haihati zinajazwa tu, imeisha hiyo.

Hapo ndipo mimi hukasirika.

Roland TR-808 ilitoka Japani mwaka wa 1980. Ndani yake hakukuwa na rekodi ya ngoma hata moja. Kila saundi ilizaliwa kwenye saketi. Wengi walitaka ngoma zinazofanana na za kweli, wakaidharau, na kufikia 1983 kampuni ilikuwa imeacha kuitengeneza. Ikaishia madukani kama mtumba, vijana wa Marekani wasio na pesa wakaiokota. Walichookota kilikuwa zaidi ya besi. Kulikuwa na safu ya vitufe 16, kila kitufe hatua moja: unabonyeza, taa inawaka, na ngoma inalia hapo kila mzunguko ukirudi. Mtu ambaye hajawahi kushika ngoma aliweza kuipanga kwa macho, akasikia, akabadilisha, akasikia tena. Hiyo sikwensa ndiyo ilikuwa shule.

Na sikiza, hii watu hawaambiani: mashine hiyo ilikuwa na swichi ya kubadilisha mgawanyo wa mpigo. Ungeutoa mpigo kwa vipande vinne ukauweka kwa vitatu, kisha ukaukata mzunguko uishie hatua ya 12. Yaani mlango uliachwa wazi tangu 1980. Sisi wenye chakacha ndio tumeufunga.

Mwaka jana niliingia studio fulani na rekodi ya simu, shangazi yangu akipiga ngoma harusini Mombasa. Prodyuza akasikiza, akatikisa kichwa. "Huyu mama anachelewa." Akaburuta kila pigo hadi likakaa kwenye mstari. Ikatoka safi, na ikatoka imekufa, kitu cha kuwekea tangazo la sabuni. Shangazi hakuchelewa popote. Yeye alihesabu kumi na mbili, laptopu ikahesabu kumi na sita, na tukaamini laptopu.

Najua utasema klabuni haitaenda, watu watapotea. Watu gani? Si ni hao hao wanaozungusha kiuno harusini bila kufundishwa na mtu?

Programu yako inakubali, wacha visingizio. Weka hatua ziwe 12, halafu cheza na tempo. Kiki kwa 1 na 7. Klapu kwa 1, 4, 7 na 10. Haihati kwa 1, 3, 5, 7, 9 na 11. Zitaanza kuvutana, klapu inataka nne, haihati inataka sita. Usizipatanishe. Tia mkazo kwa hatua moja ambayo hukuitarajia, uhamishe, usikize tena hadi bega lako liamue. Kiki chukua ya kwanza kwenye foda, aki, zote zitafanya.

Rekodi ya shangazi nimeianza upya hivyo, mikono yake haijaguswa, kengele ya 808 ikimfuata nyuma. Nilimtumia juzi. Alisema kengele iko sawa, lakini nipunguze kiki, inamzibia mkono wa kushoto.