Tuandike orodha yetu wenyewe

Kila mwaka orodha ileile hurudi ubaoni: “their” na “there”, “its” na “it’s”, “affect” na “effect”. Tunainakili, tunaulizwa katika mtihani, tunafaulu. Kufaulu huko si ajabu. Makosa hayo ni hasa ya wenye Kiingereza: mtoto wa London huyajua maneno kwa sikio kabla ya kujifunza kuandika, na kwa sikio “their” na “there” ni kitu kimoja. Sisi tulikipokea Kiingereza kwa macho. Tunachochanganya ni kingine, na orodha haikitaji.

Tazama barua za kuomba kazi. Mwanafunzi anaandika “I demand” akidhani anaomba, kwa kuwa “demander” ya Kifaransa ni kuomba. Kumbe “demand” ni kudai. Kwa Kifaransa amepiga magoti, kwa Kiingereza amegonga meza, halafu anashangaa hajibiwi. “Eventually” ni hatari zaidi. “Éventuellement” ni labda. “Eventually” ni hatimaye. Baadhi yetu tutakuwa wakalimani katika mashirika ya misaada huko mashariki ya nchi. Mgeni akisema chakula kitafika “eventually”, mkalimani akasema labda, waliokimbia makwao watapanga siku zao kwa neno ambalo mgeni hakulisema.

Lakini tusikitwike Kifaransa mzigo wote. Anayechanganya “borrow” na “lend” hakupotoshwa nacho, maana kina “emprunter” na “prêter”, maneno yasiyofanana hata kidogo. Hapa chanzo ni Kiswahili: kuazima ni kupokea na pia ni kutoa, kukopa na kukopesha ni mzizi mmoja, tofauti ni kiambishi tu. Kwa “learn” na “teach” lugha mbili zinatusukuma pamoja: sisi tuna kujifunza na kufunza, na Kifaransa kina “apprendre” inayobeba yote mawili (ingawa “enseigner” ipo). Ndipo inapozaliwa “he learned me English”, na mwalimu anaandika “uzembe” pembeni kwa wino mwekundu, wakati mwanafunzi amefuata sarufi kwa uaminifu, ila sarufi ya lugha nyingine.

Kitivo hiki kinafundisha lugha hizi zote tatu. Walimu wake wakae meza moja na karatasi za mitihani zilizosahihishwa, sisi tuwasaidie kuhesabu, orodha ianze na makosa yanayomnyima mtu kazi. “Their” na “there” zingoje ukurasa wa mwisho.