Muhula mmoja Unguja, kwa nini isiwe?

Mjukuu wangu anasoma historia chuoni hapa Muscat, mwaka wa tatu. Wiki iliyopita kasema mbele ya watu wote, chakula bado kipo: anataka kwenda kusoma muhula mmoja Unguja, SUZA, ambako wageni wanafundishwa Kiswahili. Baba yake akacheka. "Wenzio wanakwenda Uingereza, wewe unataka kurudi tulikokimbia?"

Kicheko hicho nakijua. Baba wa huyu mkwe wangu alitoka Unguja 1964 na mkoba mmoja, na machungu yale aliingia nayo kaburini. Simlaumu mtu. Lakini mtoto ana sababu yake, na mimi niliiona kwa macho.

Mwaka jana bibi yake mzaa baba alishikwa usiku, tukamkimbiza hospitali. Daktari hajui Kiswahili, na bibi akiumwa Kiarabu humkimbia, basi msichana akawa mkalimani. Bibi anasema, "Roho yanipapa, mwanangu." Yeye akasikia roho, akadhani ni ile ile ya Kiarabu, akamwambia daktari bibi ana huzuni nafsini. Daktari akaanza kuuliza kama nyumbani kuna msiba! Mpaka nilipomaliza kuegesha gari nikaingia, ndipo nikasema: ni moyo unamwenda mbio. Bibi kapona, alhamdulillahi. Msichana ndiye hakulala siku mbili.

Mtasema ajifunze nyumbani. Miaka ishirini tunamsemesha Kiswahili, anatujibu Kiarabu, na sisi tunaridhika maadamu tumeelewana. Muuza samaki wa Darajani hatamfanyia huruma hiyo. Na kwa somo lake, nyumba ya nyaraka pale Kilimani ina makaratasi ya Kiarabu ya enzi za masultani. Kiarabu anacho tayari. Kiswahili ndicho kitakachompa wazee wa kumweleza yasiyoandikwa.

Mimi kijana wa Kiarabu kutoka Tanga nilipopata kazi ya ualimu sekondari ya misheni huko bara, mama alilia, akidhani nitarudi na msalaba shingoni. Nilifundisha pale miaka thelathini. Mpishi wa mapadri ndiye aliyekuwa akiniwekea daku, tena akinigongea dirisha nisipitiwe na usingizi. Nani angenisimulia hayo nikaamini?

Baba ana haki ya kuuliza. Atalala wapi? Alama zake zitakubaliwa na chuo cha hapa, au atapoteza nusu mwaka? Jibu hilo lipatikane kwa maandishi kabla ya tiketi. Ila moja nalikataa: kumpeleka kwa jamaa wamfungie ndani na biriani, na dereva wa kumpeleka na kumrudisha. Hapo atakuwa mgeni tu, afadhali abaki.

Mkwe wangu kasema atajibu baada ya sala ya Ijumaa. Bibi hakungoja. Jana nimemkuta anamtajia mjukuu wake nyumba za kuulizia huko Malindi, na mtoto anaandika.