Picha Nyeusi na Nyeupe si Cheti cha Ustadi

Msomaji, wako watu wawili ambao nataka kugombana nao mbele yako, nawe uwe kadhi wetu. Wa kwanza ni yule asemaye kuwa katika mambo ya sanaa hapana haja ya kubishana, kwa kuwa kila mtu ana jicho lake. Wa pili ni yule aaminiye kuwa picha ikiisha kuondolewa rangi imekwisha kuwa sanaa. Wa kwanza ni mvivu, wa pili ni mwigaji. Na mara nyingi, kwa bahati mbaya, ni mtu mmoja aliyevaa kanzu mbili.

Tembea Jumamosi yoyote katika mitaa ya Eastlands, toka Shauri Moyo na Kaloleni hata Makongeni, Bahati, Jericho na Buruburu. Hutakosa kumwona kijana mwenye kamera shingoni, au simu mkononi ambayo siku hizi hufanya kazi ya kamera. Namfurahia. Zamani chombo kile kilikuwa mali ya wachache, na sisi wengine tulikuwa watu wa kupigwa picha tu. Lakini mwombe akuonyeshe alizopata. Utaona mzee mwenye makunyanzi, uso umevutwa karibu hata vinyweleo vyahesabika. Mtoto asiye viatu akisukuma gurudumu kuukuu. Kamba ya nguo baina ya nyumba mbili. Mtu apitaye kivulini, hana uso. Weusi umekazwa mpaka umekuwa lami, weupe umekazwa mpaka umekuwa chokaa. Muulize kwa nini aliondoa rangi, atakujibu: "Ili iwe ya kisanaa."

Mimi si msafi katika neno hili. Mwaka mmoja niliitwa niwe miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya picha za vijana. Picha za mzee mwenye makunyanzi zilitosha kujaza ukuta mmoja, na tuzo tukampa mmoja wa wazee hao. Nami niliunyosha mkono wangu pamoja na wenzangu. Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilijaribu kukumbuka ni mzee yupi aliyeshinda, nikashindwa.

Basi tuanze na huyu mwigaji. Anadhani mabingwa wa zamani walichagua weusi na weupe kwa ajili ya heshima ya sanaa. La, hasha! Wengi wao walitumia filamu hiyo kwa kuwa ndiyo waliyoweza kuinunua na kuisafisha wenyewe katika chumba cha giza. Seydou Keïta wa Bamako, ambaye leo majumba ya sanaa ya Ulaya na Marekani yanamwita bingwa, alikuwa fundi wa studio aliyepiga picha kwa malipo. Alitumia mwanga wa jua uani kwake, akatundika shuka ya kitanda nyuma ya mteja, na picha aliyompa ilikuwa ndogo, ya kushikwa mkononi. Mwaka 1991 picha zake zilipoonyeshwa New York hazikuwa na jina lake. Ziliandikwa kuwa ni za mpiga picha asiyejulikana. Baadaye jina likapatikana, na picha zile ndogo zikachapwa upya kubwa sana, zenye weusi mzito. Je, mteja wa Bamako aliyelipia picha yake angeitambua? Katika studio nyingi za zama hizo fundi alichukua brashi akatia rangi mashavuni na nguoni kwa mkono, kwa sababu mwenye picha aliona kuwa rangi ndiyo iliyopungua.

Tena, mwigaji husema kuwa picha isiyo rangi ndiyo isemayo kweli. Hebu tuipime kauli hii. Chukua leso nyekundu yenye maua ya kijani: katika picha ya namna hii nyekundu na kijani huweza kuwa kijivu kimoja, na maua yakapotea yote. Chukua matatu ya Jogoo Road, ambayo mwenyewe ametumia fedha nyingi kuipamba; ukiivua rangi umeifunga kinywa. Na kamera yenyewe haina haki kwa asili yake. Kipimo chake cha mwanga hutaka kila kitu kielekee kijivu cha wastani. Ukimsimamisha mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, ukauachia ukuta uamue, uso wake huwa kivuli kisicho macho wala tabasamu. Mpiga picha asiyejua hayo husema "nimepata weusi wa kupendeza," kumbe amempoteza mtu. Ajuaye husogea, hupima uso, huuacha ukuta uungue. Hapo ndipo penye ustadi, nao haupatikani kwa kubonyeza kitufe cha kufuta rangi.

Sasa nimgeukie mvivu wangu. Husema: "Ukipenda chongo huita kengeza, nami nimependa, niache." Nakubali methali, nakataa hitimisho lake. Ikiwa kila mtu ana jicho lake, imekuwaje macho mia yote yampende mzee yule yule? Jicho hufundishwa. Limefundishwa na vitabu vya wageni waliokuja Afrika kutafuta mikunjo ya nyuso na miguu mitupu; limefundishwa na mashindano kama lile nililoliamua vibaya; limefundishwa na wanunuzi ambao huijua Eastlands kwa dirisha la gari. Kilichofundishwa chaweza kuulizwa maswali.

Swali hilo niliulizwa mimi kwanza, na mwanamke mzee wa Kaloleni. Nilikuwa nimempiga picha kizingitini pake asubuhi moja, naye amekaa akichambua mboga. Nikaisafisha kwa uangalifu, nikampelekea katika fremu nyeusi, nikingojea shukrani. Aliitazama kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, nimekufa lini?" Nilicheka, yeye hakucheka. Akanieleza kuwa kwa macho yake picha kama ile ni ya tangazo la tanzia gazetini, au ya kipande cha karatasi cha serikali. Wala sikumpa nafasi ya kuvaa. "Ningekuja kwako," akasema, "ningekukuta na kanzu ya kulalia?" Nilitaka kumweleza juu ya mwanga na vivuli. Nashukuru kwamba nilinyamaza.

Usidhani nasema kuwa yeye alikuwa na haki yote nami sina yoyote. Picha ile ilikuwa njema. Mikono yake na majani yale vilikuwa vimepata kijivu laini ambacho rangi ingekivuruga. Lakini yeye alijua sababu ya kuikataa, nami sikujua sababu ya kuipenda mpaka nilipokataliwa.

Kuiga si dhambi, kijana. Mwanafunzi wa seremala hufuata kipimo cha fundi wake. Ila mtu akisimama miaka kumi katika kipimo cha mwingine, tumwite kibarua. Na mifano ya waliotafuta njia yao haiko mbali. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akapiga picha za dhiki na matumaini ya Kenya kabla ya uhuru, akauawa kazini katika vita vya Biafra mwaka 1968. Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, humu humu Eastlands, mwaka 1943. Omar Said Bakor wa Lamu aliunganisha picha mbili zikawa moja, akafanya katika studio ndogo ya kisiwani mambo ambayo jicho haliyaoni. Na mwaka 1997, katika bonde la Mathare, vijana wa chama cha michezo cha MYSA walipewa kamera rahisi za plastiki na Lana Wong; wakapiga waliyoyajua, jamaa zao na nyumba zao, na mwaka 1999 picha hizo zikatoka kitabuni kwa jina la Shootback. Hawakuwa na chombo cha thamani. Walikuwa na ruhusa ya kuingia mlangoni.

Nairobi yenyewe inakupa kitu ambacho vitabu vya wageni havina. Sisi tuko karibu na ikweta; jua la saa sita lasimama utosini na kutia matundu meusi machoni mwa watu. Lakini mwezi wa Julai mawingu hutanda siku nyingi, na mwanga hushuka pole pole bila vivuli vikali, ukazigusa kuta za mawe za Kaloleni kwa kijivu cha daraja nyingi mno. Nani ameipiga Julai yetu? Kila mtu angoja jua apate vivuli vya kuazima.

Wala hili si gomvi la watu wenye nafasi tu. Kaloleni ilijengwa miaka ya 1940, na ukumbi wake ulisikia hotuba za akina Tom Mboya. Nyumba za zamani za Pangani zimekwisha bomolewa, na maghorofa yamesimama mahali pake. Mitaa mingine ya rika lake inangojea zamu. Siku watoto watakapouliza kizingiti cha bibi yao kilikuwaje, mlango ulipakwa rangi gani, mfereji wa pamoja ulikuwa upande upi, tutawaonyesha nini? Makunyanzi? Makunyanzi yako kila mahali duniani.

Nilirudi kwa yule mama juma la pili, kwa siku aliyoichagua yeye. Alivaa gauni la buluu na kitambaa cha manjano, akataka mlango wake uonekane wote, pamoja na namba ya nyumba. Nikampiga kwa rangi. Picha hiyo ameitundika juu ya redio. Ile nyeusi na nyeupe aliniruhusu niiweke, kwa sharti kwamba nisiionyeshe mtu yeyote kabla hajafa kweli. Nami ninayo mkebeni.