MAONI YETU: Wapeni watoto vitabu kabla ya mapepa

Kuanzia mitihani ya utamilifu hadi Novemba, madarasa mengi ya Kidato cha Nne hufundishwa Kiingereza kwa namna moja tu. Mwalimu anaandika ubaoni maswali ya mwaka juzi, wanafunzi wananakili, wanajibu, wanabadilishana madaftari na kusahihishiana. Kesho yake unaletwa mwaka mwingine. Jioni kuna tuisheni, na huko nako ni mapepa yale yale. Walimu wanatoka jasho, wanafunzi wanakesha, wazazi wanalipa, na nia yao wote ni njema. Lakini mtoto anayepandishwa kwenye mizani ya kliniki kila mwezi bila kulishwa haongezeki uzito, na ndivyo alivyo kijana anayejibishwa mapepa ya lugha ambayo hajaisoma.

Tuangalie pepa lenyewe linataka nini. Kuna ufahamu na ufupisho, kuna sarufi na msamiati, kuna utunzi, na kuna maswali ya fasihi yanayotegemea riwaya, tamthiliya na mashairi yaliyoteuliwa. Mtu ambaye hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja cha Kiingereza atahangaika katika kila sehemu. Na tukiishia kwenye pepa la Kiingereza tutakuwa tumeona nusu tu ya tatizo, maana Baiolojia, Jiografia, Fizikia na Uraia huulizwa kwa lugha hiyo hiyo. Kijana anaweza kuijua safari ya damu mwilini na kuieleza vizuri kwa Kiswahili, kisha akakosa alama kwa sababu hakuelewa kama ameambiwa ataje, afafanue au atofautishe.

Watahiniwa wengi wa sasa walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza wakakikuta darasa la tatu kama somo moja kati ya mengine. Walipoingia Kidato cha Kwanza wakapewa wiki chache za kuzoezwa lugha, halafu masomo karibu yote yakageuka kuwa ya Kiingereza. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unakileta Kiingereza tangu darasa la kwanza, na tunauunga mkono. Matunda yake, hata hivyo, yatachukua miaka kufika sekondari, na aliyeko Kidato cha Pili leo hana muda wa kuyangoja.

Kwa hiyo tunataka shule zitangulize kusoma. Itengwe nusu saa kila siku ya masomo, kuanzia Kidato cha Kwanza, kila mwanafunzi akae na kitabu na asome kimya, bila kuulizwa maswali mwishoni. Wanaoanza wapewe vitabu vyepesi kama Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer vya Richard Mabala. Mwanafunzi aruhusiwe kuruka neno gumu. Akishakishika kisa, neno hilo atakutana nalo tena kurasa za mbele, na safari ya tatu au ya nne maana yake itajifungua bila kamusi.

Vitabu vya fasihi ndivyo vinavyotuuma zaidi. Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala ni kitabu chembamba kinachosimulia jinsi Ukimwi unavyoisambaratisha familia. Unanswered Cries cha Osman Conteh kinamfuata binti wa miaka 14 wa Sierra Leone asiyetaka kukeketwa. Visa vya namna hiyo haviwezi kumchosha kijana wa rika hilo. Lakini ingia darasani uulize ni wangapi wamevisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, uhesabu mikono. Wengi wamesoma kijitabu cha uchambuzi: muhtasari, wahusika, dhamira na mifano yake, vyote vya kukariri. Swali likigeuzwa kidogo wanamwaga kila walichokariri, hata ambacho hakikuulizwa. Uchambuzi una kazi yake baada ya kitabu. Ukija kabla ya kitabu unamnyima kijana Kiingereza chote kilichomo, yaani kurasa kwa kurasa za sentensi sahihi, zilizonyooka, ambazo zingemkaa kichwani bila mtu kumfundisha kanuni hata moja.

Wakuu wa shule watatujibu kwamba vitabu havitoshi, na ni kweli. Hata hivyo nakala tano zinaweza kulisomesha darasa zima, mwalimu akisoma sura kwa sauti na wanafunzi wakapokezana. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo, na mwalimu mmoja mwenye simu anaweza kuanzia hapo. Lisilokubalika ni vitabu kufungiwa kabatini ofisini, vipya kabisa, kwa kuogopa visichakae. Mzazi akija siku ya kikao cha shule aulize funguo za kabati hilo anazo nani, na lilifunguliwa lini mara ya mwisho.

Sarufi nayo ifundishwe kutokana na makosa ya wanafunzi wenyewe. Leo kanuni za nyakati zinakaririwa kama fomula za hesabu, ilhali makosa ya msemaji wa Kiswahili yanajulikana na yana sababu. Tunasema “ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja”, na hakuna anayeshangaa. Mwanafunzi akiipeleka sentensi hiyo kwenye Kiingereza ataweka although mwanzoni na but katikati, naye atakuwa amekosa, kwa kuwa moja tu lilitosha. Tunasema “nimefika jana”, naye anaandika I have arrived yesterday, wakati Kiingereza hakikubali jana iandamane na wakati huo. “Sivyo?” yetu inafunga swali lolote lile, ndiyo maana isn't it hujitokeza hata panapotakiwa didn't he au haven't they. Vitenzi vyetu havimtofautishi mwanamume na mwanamke, wala hatuna a na the, hivyo he na she hubadilishana nafasi, na vile vineno vidogo hudondoka njiani.

Mwalimu aziandike sentensi za namna hii ubaoni, ya Kiswahili upande mmoja na ya Kiingereza upande wa pili, aeleze kwa Kiswahili inapobidi, kisha kila mwanafunzi atunge za kwake tano. Kila wiki waandike aya moja fupi, na mwalimu asahihishe aina moja tu ya kosa: wiki hii nyakati, wiki ijayo viunganishi. Mwenye darasa la wanafunzi 70 hawezi kusahihisha kila kitu, na mwanafunzi aliyerudishiwa daftari lililojaa wino mwekundu hajui aanzie wapi kujirekebisha.

Kuhusu msamiati, orodha ya maneno 20 ya kukariri kila Jumatatu haidumu hata mwezi. Neno liandikwe pamoja na sentensi lilimotoka, na chini yake sentensi ya mwanafunzi mwenyewe. Halafu kuna yale maneno ya kuamuru yanayoanzisha maswali, kama state, outline, explain, differentiate na justify. Hayo ni mzigo wa kila mwalimu, wa Kemia na wa Historia pia. Aulize jambo lile lile kwa state, kisha kwa justify, darasa lione jibu linavyobadilika urefu na umbo.

Lipo jambo tunalotaka likomeshwe kabisa: kumwadhibu mtoto kwa sababu amesema Kiswahili. Katika baadhi ya shule anayesikika akizungumza lugha yake huvishwa kibao shingoni, hufagishwa au huchapwa viboko. Adhabu hiyo haijamfundisha Kiingereza mtu yeyote. Imezaa madarasa bubu, ambamo mwenye jibu ananyamaza na mwenye swali anaondoka nalo nyumbani. Mtoto aruhusiwe kuuliza kwa Kiswahili, mwalimu ampe sentensi hiyo kwa Kiingereza, naye airudie mbele ya wenzake. Akiisema vibaya, asichekwe. Mwalimu anayekataza kucheka darasani mwake anafundisha Kiingereza kuliko anayebandika matangazo ya Speak English ukutani.

Mapepa ya zamani yana nafasi yake, na nafasi hiyo ni wiki za mwisho. Hapo mwanafunzi ajifunze kuzigawa saa za mtihani, kuyapitia maswali ya ufahamu kabla ya kukisoma kifungu, kujibu kwa sentensi zake, na kuhesabu maneno ya ufupisho ili asizidishe. Kila mwaka Baraza la Mitihani la Tanzania hutoa taarifa ya uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na ndani yake kuna majibu halisi, mazuri na mabaya, kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Kosa la kunakili mistari ya kifungu bila kuelewa swali linajirudia humo. Taarifa hizo zipo kwenye tovuti ya Baraza na hazilipiwi. Mkuu wa shule aichapishe ya Kiingereza, walimu wake wakae nayo alasiri moja kabla muhula haujafunguliwa, kisha wanafunzi wapewe yale majibu mabaya wayasahihishe wao wenyewe, makundi kwa makundi, kwa sauti.