Kadi ya njano isisubiri Sirari

Mkazi wa Musoma, Bunda au Butiama anayevuka mpaka wa Sirari kwenda Kenya ajiandae mapema. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na anayeingia Tanzania kutoka huko hutakiwa kuwa na cheti cha chanjo, yaani kadi ya njano.

Sindano ni moja. Cheti huanza kutumika baada ya siku 10, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote.

Wapo wasioweza kuchanjwa, kama wenye mzio mkali wa mayai. Hao wabebe barua ya daktari yenye sahihi na muhuri, ingawa afisa wa afya mpakani ana uamuzi wake.

Anayenunua kadi bila kuchanjwa anavuka bila kinga. Halmashauri zibandike stendi tangazo: chanjo inatolewa wapi, siku gani, kwa bei gani.